Mwenye Nguvu Apishe: Ilani ya Wapanda Baiskeli wa Dar es Salaam

Sisi ni nani

Sisi ni wapanda baiskeli wa Dar es Salaam. Miongoni mwetu yupo muuza mikate anayetoka bekari kabla ya alfajiri, yupo muuza samaki anayetoka soko la Feri na tenga juu ya keria, yupo anayeshusha magunia ya mkaa kutoka upande wa Pugu, yupo mlinzi anayerudi nyumbani baada ya lindo la usiku, yupo mwanafunzi, yupo mama anayewahi sokoni, yupo fundi ujenzi aliyefunga mwiko na timazi kwenye fremu. Wachache wetu hupanda kwa mazoezi. Walio wengi hupanda kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi, siku baada ya siku, inakula pesa ya chakula. Wamo pia kati yetu wasiopanda baiskeli kabisa: wake, waume na wazazi waliozika, na madereva wa malori na daladala waliochoka kuishi na hofu ya kuua mtu.

Kilichotukutanisha ni kona. Wapo wenzetu wanaogongwa kwa nyuma barabara ikiwa nyeupe, na wapo wanaofunguliwa mlango wa gari mbele ya uso. Lakini hofu ambayo kila mmoja wetu anaijua mwilini ni ya gari lililokuwa likienda sambamba nasi, halafu bila taarifa likakunja na kutufungia njia.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na katika barabara za mji wetu msemo huo umefanywa sheria. Daladala inalipisha lori, gari dogo linaipisha daladala, bajaji inalipisha gari dogo, bodaboda inaipisha bajaji, sisi tunampisha kila mmoja wao, na mtu wa miguu anatupisha wote. Ilani hii inatangaza kinyume chake. Barabarani, mwenye nguvu ndiye apishe. Na pa kuanzia ni hapa: anayekata kona amsubiri anayenyoosha.

Yanayotokea kwenye kona

Nchi yetu inaendesha kushoto. Baiskeli inakaa kushoto kabisa mwa lami, na dereva wa gari anaketi kulia. Kati ya macho yake na mpanda baiskeli kuna upana mzima wa gari. Kila anapokata kushoto, analazimika kupita juu ya mstari ule ule tunaoufuata sisi. Hali hiyo ndiyo inayozaa mambo tunayoyaeleza hapa, na tunayaeleza kwa kirefu kwa sababu asiyejua kifo kinatokea upande gani hawezi kukikwepa wala kukizuia.

*Anayekupita ili akate.* Gari linakupita, linakutangulia kwa urefu wake tu, kisha linakunja kushoto kuingia mtaani au sheli. Mara nyingi dereva amekuona. Kosa lake ni kukuhesabu kama kitu kilichosimama. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa inakula zaidi ya mita 4 kila sekunde. Wakati yeye anakupita, anapunguza mwendo na kuzungusha usukani, wewe umeshafika ubavuni mwake. Kulia kwako kuna bati, kushoto kuna mtaro.

*Lori lenye tela.* Lori refu haliwezi kukata kona kama gari dogo. Dereva anayetoka bandarini kwa Barabara ya Mandela, akitaka kuingia kushoto, kwanza hujitanua kulia ili tela lipate nafasi ya kuzunguka. Wewe uliye nyuma unaona kichwa cha lori kimeelekea kulia, na upenyo mpana umefunguka kushoto. Unaingia. Hapo ndipo kichwa kinaporudi kushoto. Magurudumu ya nyuma hayapiti pale yalipopita ya mbele. Yanakatiza kwa ndani, yanasogelea ukingo wa barabara, na ule upenyo unafumba kama mkasi. Anayefia hapo huenda hakuguswa kabisa na pua ya lori. Amevutwa chini ya ubavu, mahali ambapo dereva haoni kitu kwenye kioo na, kwa mngurumo wa injini, hasikii kitu pia.

*Anayekata kulia kutoka mbele.* Gari linakuja kutoka upande wa pili na linataka kukatiza njia yako kuingia mtaa ulio kushoto kwako. Macho ya dereva yanatafuta upenyo kati ya magari makubwa, na baiskeli haimo katika vitu anavyovitafuta. Hatari huzidi foleni inaposimama. Dereva mwungwana anamwashia mwenzake taa apite. Yule anaharakisha ili asiwacheleweshe watu. Na wewe unakuja kushoto mwa foleni, umefichwa na daladala. Hakuna aliyemtakia mwingine mabaya, na bado mtu amevunjika paja.

*Daladala inayoingia kituoni.* Konda anagonga bodi, abiria kasema "shusha", na gari linachomoka njia ya kulia na kuchomekea kituoni mbele ya gurudumu lako. Kituo hakina jina la makutano, lakini kwa mpanda baiskeli kila kituo ni kona.

*Anayetoka getini, sheli au mtaani.* Huyu anataka kuingia barabara kuu kwa kushoto. Magari yanamjia kutoka kulia, kwa hiyo anatazama kulia peke yake, anaona pako wazi, anaondoka. Ukiwa unakuja kinyume, kutoka kushoto kwake, atakugonga kabla hajageuza kichwa.

*Kipilefti.* Mpanda baiskeli anazunguka akiwa pembeni, gari lililo upande wake wa ndani linataka kutoka, na linatoka kwa kumkatiza. Kinachoua ni kile kile: anayebadili mwelekeo hakumsubiri anayeendelea na njia yake.

Tunayoyaamini

Tunaamini katika kudra ya Mwenyezi Mungu, na ndiyo maana hatukubali kudra isingiziwe. Kona pana inayomruhusu dereva kukunja bila kugusa breki imechorwa na binadamu kwenye karatasi. Kioo cha lori kilichopasuka na kufungwa kwa mpira kimeachwa hivyo na binadamu. Njia ya baiskeli inayoishia ghafla mita chache kabla ya makutano imeishia hapo kwa uamuzi wa mtu. Kilichoamuliwa na mtu kinaweza kuamuliwa upya.

Tunaamini kwamba usalama hauwezi kusimama juu ya wepesi wa mnyonge. Mtazameni yule wa mkaa. Magunia yamepanda nyuma yake mpaka yamempita kichwa. Hawezi kugeuza shingo akaona kinachokuja nyuma; anachokiona ni gunia. Akifunga breki ghafla, mzigo unamsukuma mbele. Akiyumba kukwepa, baiskeli inalala. Mashauri yote ya "kuwa mwangalifu" yanamfaa kidogo sana mtu huyu. Anachohitaji ni kwamba yule mwenye tani kadhaa za chuma, breki za upepo na vioo viwili atumie sekunde 5 kumwacha apite. Na ni sekunde 5 kweli: makutano yenye upana wa mita 20, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, yanavukwa kwa muda huo. Hatujaona shehena yoyote iliyoharibika kwa sekunde 5.

Tunaamini kwamba binadamu atakosea, na kwamba kosa lake lisilipwe kwa uhai. Mtoto atasahau kutazama. Dereva aliyeendesha usiku kucha kutoka mpakani Tunduma atachoka. Barabara nzuri ni ile inayowapunguza mwendo wote wawili, ili wanapokosea waamke na kwenda zao.

Tunaamini kwamba jambo hili linawezekana, kwa sababu limefanywa. Mwaka 1971 Uholanzi ilipoteza watu takriban 3,300 barabarani, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Nchi ile haikuwa pepo ya baiskeli. Ilikuwa inabomoa mitaa kupisha magari. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake, aliandika mwaka 1972 akitaka wazazi waungane, na harakati iliyoitwa "Komesheni Mauaji ya Watoto" ikaingia barabarani. Wazazi walifunga mitaa, watoto wakacheza humo. Serikali ikasikia. Makutano ya Uholanzi yanayosifiwa leo ni matunda ya madai ya watu waliofiwa.

London, ambako wanaendesha kushoto kama sisi, malori yanayokata kushoto yaliua wapanda baiskeli wengi kiasi kwamba tangu mwaka 2021 lori kubwa haliingii mjini bila kibali kinachopimwa kwa kile ambacho dereva anaweza kukiona kutoka kwenye kiti chake. Januari 2022 mwongozo wa barabara wa Uingereza ukaandikwa upya: dereva anayekata kona asimkatize mpanda baiskeli anayenyoosha. Oslo, mji mkuu wa Norway, ilimaliza mwaka 2019 bila mtembea kwa miguu wala mpanda baiskeli hata mmoja kuuawa barabarani. Na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulishasema kwamba anayebadili mwelekeo azipishe baiskeli zilizo kwenye njia ya baiskeli anayoikatiza. Hatudai maajabu. Tunadai kilichokwisha kuandikwa na kujaribiwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barabara ziliua watu milioni 1.19 duniani mwaka 2021. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, na hakuna bara lenye kiwango kibaya zaidi cha vifo kulinganisha na idadi ya watu kuliko Afrika. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo halitafikiwa katika mikutano. Litafikiwa Buguruni, Tazara, Ubungo na Mwenge, kona moja baada ya nyingine.

Na tunaamini kwamba dereva si adui yetu. Kwa hiyo tunatamka hapa, bila kigugumizi, kwamba harakati hii haitampiga dereva, haitalichoma gari, haitamzingira mtu kwa mawe, hata pale mwenzetu atakapokuwa amelala kwenye lami. Anayejua atapigwa hukimbia, na anayekimbia humwacha majeruhi bila msaada katika dakika ambazo zingemwokoa. Mwanachama atakayeinua mkono juu ya dereva amejitoa mwenyewe. Kazi zetu eneo la tukio ni tatu: kumsaidia majeruhi, kumlinda dereva abaki, na kuhifadhi ushahidi.

Tunayojiahidi sisi wenyewe

Hatutawadai wengine bila kujidai. Kila anayejiunga anachukua ahadi hizi.

1. Sitaingia kushoto mwa lori au basi lililo karibu na kona, liwe limesimama au linatambaa, liwe limewasha indiketa au halikuwasha. Nitabaki nyuma yake mpaka nijue linakwenda wapi. Upenyo unaofunguka ubavuni mwa lori si njia.

2. Sitasimama chini ya pua ya lori kwenye mataa. Dereva amekaa juu. Eneo lililo mbele kabisa ya kichwa cha gari halioni. Nitasimama nyuma yake, au mbele kwa umbali unaoniwezesha kuuona uso wake. Nisipouona uso wake, wala kwenye dirisha wala kwenye kioo, na yeye hanioni.

3. Nikikaribia makutano ninayotaka kuyanyoosha, nitatazama nyuma, nitaonyesha mkono, na pakiwa salama nitasogea nikae katikati ya njia yangu mpaka nivuke. Nikijibana kwenye ukingo namwalika dereva anipite na kunikatiza. Nikikaa anapopaswa kuniona, atasubiri nyuma. Nikishavuka nitarudi kushoto na kumwachia nafasi.

4. Nitatazama gurudumu la mbele la gari kuliko kuitazama taa yake. Indiketa inaweza kuwa imekufa, au imesahauliwa ikiwaka tangu kona iliyopita. Gurudumu likianza kugeuka, gari linageuka.

5. Kila penye mtaa, geti, sheli au kituo, vidole vyangu vitakuwa juu ya breki kabla ya kuhitajika.

6. Sitapita kinyume cha magari. Tunajua kwa nini wengi wetu hufanya hivyo: barabara imegawanywa kwa ukuta, na pa kuvukia pako mbali. Sababu ni ya kweli, na kifo pia ni cha kweli. Nikilazimika kurudi nyuma nitashuka na kuikokota pembeni, na nitadai kivuko kijengwe.

7. Baiskeli yangu itakuwa na breki mbili zinazoshika, kengele, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na kiakisi mwanga kwenye kila pedeli. Nikibeba mzigo unaonizuia kuona nyuma, nitafunga kioo cha pikipiki kwenye usukani.

8. Mimi nami ni mwenye nguvu mbele ya mtu wa miguu. Kwenye zebra nitasimama. Siwezi kumdai dereva wa lori nisichompa mama mwenye mtoto mgongoni.

Tunayowataka madereva

Ndugu madereva wa malori, mabasi, daladala, teksi, bajaji, bodaboda na magari ya nyumbani, tunawaambia kama watu tunaogawana nanyi barabara na mkate.

Ukiwa unakaribia kukata kona, usimpite mpanda baiskeli. Punguza mwendo, kaa nyuma yake, mwache avuke, ndipo ukate. Hilo moja, likishikwa, litaokoa wengi kuliko mengine yote tunayoyaandika.

Washa indiketa kabla ya kugusa breki, ili aliye nyuma yako ajue mapema. Tazama kioo cha kushoto, kisha geuza kichwa utazame kwa macho. Kwa lori, mwache utingo ashushe kioo cha dirisha lake na atazame ubavu mzima mpaka tela litakapomaliza kona. Hiyo iwe sehemu ya kazi yake kama ilivyo kufunga turubai.

Unapokata kulia kuvuka foleni uliyofunguliwa, simama tena ukifika upande wa pili wa gari lililokupisha. Chungulia. Anayekuja kushoto mwa foleni hajui kwamba umeruhusiwa.

Unapotoka getini, tazama kulia, kushoto, na kulia tena, na mara ya pili tafuta kilicho chembamba: baiskeli, pikipiki, mtu.

Ukipita baiskeli, iachie mita moja na nusu. Mwenye mzigo atayumba akikutana na shimo, na hana namna ya kukuarifu.

Ukiegesha, fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Dereva aliyekaa kulia afungue kwa mkono wa kushoto. Mwili utageuka wenyewe na macho yataona barabara ya nyuma. Wafundisheni na abiria wenu.

Na ikitokea umemgonga mtu, simama. Sisi tumeahidi kukulinda. Wewe ahidi kubaki.

Kwa wenye magari na makampuni ya usafirishaji: dereva anayelipwa kwa idadi ya safari atakimbiza safari. Anayetozwa kwa kuchelewa hatasubiri sekunde 5. Badilisheni malipo yenu kabla ya kumlaumu dereva wenu.

Tunayodai kwa wenye mamlaka

Taifa lililojenga daraja la juu la Mfugale pale Tazara mwaka 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, ili magari yasisubiriane, haliwezi kushindwa kujenga kisiwa cha zege cha mita mbili kwenye kona. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, ilipewa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Tunalishukuru jambo hilo, na tunajua kutokana na kuzipita jinsi njia zile zinavyovamiwa na pikipiki, magari na bidhaa. Tunataka zilindwe, na zifuatwe na nyingine.

Kwa TANROADS na TARURA, wakala zinazosimamia barabara, tunadai haya:

- Kona zikazwe. Kona pana inapitwa kwa kasi; kona iliyobanwa inamlazimisha dereva kukunja kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Vichepuo vya kushoto vinavyoruhusu magari kukata bila kusimama kwenye mataa viondolewe pale ambapo baiskeli na watu wanavuka.
- Njia ya baiskeli isife makutanoni. Iendelee mpaka ng'ambo, ikiwa imepakwa rangi na kuinuliwa kama tuta pana, ili gari ndilo lipande na kushuka. Na isogezwe ndani kiasi cha mita 5 kutoka barabara kuu: gari likishakata nusu ya kona linakuwa limemkabili mpanda baiskeli uso kwa uso, dereva anamwona kupitia kioo cha mbele badala ya kumtafuta ubavuni, na gari lina nafasi ya kusimama bila kuziba barabara.
- Kwenye mataa, mstari wa kusimama wa baiskeli uwe mbele ya ule wa magari, na baiskeli ziruhusiwe sekunde chache kabla ya magari. Penye malori mengi, anayekata kushoto awe na taa yake, na anayenyoosha kwa baiskeli awe na yake.
- Vituo vya daladala vijengwe njia ya baiskeli ikipita nyuma ya kituo, si mbele yake.
- Vivuko viwe karibu, ili mtu asilazimike kupita kinyume.

Kwa Bunge na Wizara husika: Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeishi miaka mingi. Iandikwe ndani yake, kwa maneno ambayo kila trafiki anaweza kuyasoma kwa sauti kando ya barabara, kwamba anayebadili mwelekeo ampishe mpanda baiskeli na mtembea kwa miguu anayeendelea na njia yake. Mtihani wa leseni uwe na swali hilo na zoezi hilo. Malori na matela yawekewe vizuizi vya ubavuni ili mtu akianguka asiingie chini ya magurudumu, na vioo vya ziada vinavyoonyesha ubavu wa kushoto na eneo la mbele ya kichwa. Mwendo wa mjini, kilomita 50 kwa saa, ushuke hadi 30 penye shule, masoko na makazi. Kwa 50 gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, kabla dereva hajagusa breki.

Kwa Jeshi la Polisi: kila ajali ya baiskeli iandikwe ilitokea kona ipi, gari lilikuwa linafanya nini, na takwimu hizo zitangazwe kwa makutano, si kwa mkoa tu. Tukijua kona inayoua, tunajua pa kupeleka zege.

Tutakavyofanya kazi

Hatuanzi kwenye utupu. UWABA, Umma wa Wapanda Baiskeli, walikuwa wakidai haki hizi kabla yetu. Tunakwenda kwao kwa heshima, kujifunza na kuunganisha nguvu.

Kila tawi la harakati litakuwa kwa fundi baiskeli. Kwa fundi ndiko kila mpanda baiskeli hupita, mwenye nacho na asiye nacho, na hakuna anayehitaji mwaliko. Hapo ndipo majina yataandikishwa, na hapo ndipo breki na taa zitakaguliwa bure siku ya mkutano.

Kila tawi litachagua kona moja na kuilea. Wanachama watakaa hapo asubuhi na jioni, watachora magari yanavyokata, wataandika yaliyokoswakoswa na yaliyotokea, na mchoro huo utapelekwa kwa mtendaji wa mtaa, kwa diwani, na kwa mhandisi mwenye barabara. Tutaurudisha kila mwezi mpaka ujibiwe.

Tutaomba maegesho ya malori yatupokee. Lori litasimama, dereva ataketi kwenye kiti chake, na sisi tutajipanga na baiskeli zetu kulizunguka. Kila atakayepotea machoni pake, pale aliposimama patachorwa chaki. Kisha tutabadilishana: mpanda baiskeli ataketi kwenye kiti cha dereva na kuona mwenyewe jinsi wenzake walivyotoweka, na dereva atapanda baiskeli, na lori jingine litampita. Hatujui somo fupi zaidi lenye uzito kuliko hilo.

Tutaingia shuleni, tukianza na watoto wanaofika kwa baiskeli, na tutawafundisha uwanjani kabla hawajafundishwa na barabara. Wasichana watakuwa wa kwanza mstarini, kwa sababu wao ndio huzuiwa kwanza baiskeli inapoonekana ni ya hatari.

Tutasimama na familia. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa kila gari, na ipo kwa ajili ya aliyegongwa. Familia nyingi hulia, huzika na kuchangishana bila kujua kwamba wana haki ya kudai. Tutaandamana nao polisi kuchukua taarifa, na kwa wanasheria watakaojitolea, mpaka dai lifike mwisho.

Kila tarehe 3 Juni, Siku ya Baiskeli Duniani iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, tutatoa taarifa hadharani: kona tulizozilea, zilizorekebishwa, zilizopuuzwa, na nani alizipuuza.

Wito

Ilani hii haisainiwi kwa wino peke yake. Anayetaka kujiunga afanye mambo matatu wiki hii. Akague breki zake. Amwendee dereva mmoja anayemfahamu, awe kaka, shemeji au jirani, na amwombe amsubiri mpanda baiskeli kwenye kona, amweleze na sababu. Kisha aende kwa fundi wake wa baiskeli aandikishe jina lake na kona anayoiogopa kuliko zote.

Dereva naye anaweza kujiunga, na hatumdai baiskeli. Tunamdai sekunde 5 kila kona. Mhandisi anaweza kujiunga, kwa mchoro mmoja. Askari wa usalama barabarani anaweza kujiunga, kwa kumsimamisha anayekatiza watu kama anavyomsimamisha aliyezidisha abiria. Diwani anaweza kujiunga, kwa kuitaja kona moja kwenye kikao na kutokubali kikao kiishe bila jibu.

Orodha ya kona zitakazoandikishwa ndiyo itakayokuwa mpango kazi wetu wa kwanza. Tutaanza na ile itakayotajwa na watu wengi zaidi, na hatutaiacha mpaka mtoto wa darasa la nne aweze kuinyoosha peke yake kwa baiskeli, asubuhi ya siku ya kazi, na magari yakimsubiri.